Nyumba ya Kumi na Moja

Kijiwe chao ni benchi moja refu la mbao lililoegemea ukuta wa kinyozi, na kila anayelikalia anatazama barabara atake asitake. Ng'ambo ya barabara lipo Kanisa la Presbiteri, ambalo mwaka huu linatimiza miaka hamsini na limeamua kusherehekea kwa kuongeza ghorofa ya tatu, kwa hiyo tangu asubuhi ni nyundo, vumbi na mafundi kuitana kwa miluzi. Mama Buli, muuza kahawa, huweka jiko lake mwisho wa benchi, upande usio na upepo. Wateja wake wa kudumu ni wanne. Wembe ndiye kinyozi mwenyewe, na akikosa kichwa cha kunyoa hunyoa habari za watu. Breki aliendesha lori miaka thelathini na miwili na mpaka leo akikaa mguu wake wa kulia unakanyagakanyaga chini. Hakimu hakuwahi kuhukumu hata kuku. Alikuwa tarishi wa mahakama, na sheria yote aliyo nayo aliiokota mlangoni. Wa nne ni Rula, fundi seremala mstaafu, mzee wa miaka sabini na saba, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna kitu anachokitazama asiseme kama kimenyooka au kimepinda. Jumamosi hii Rula aliwahi kuliko wote, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka kola, na hakuna aliyemuuliza kulikoni.

Sababu alikuwa nayo. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Kwa Wapresbiteri wa pale, wiki nzima kabla ya Meza kila mzee wa kanisa huzunguka nyumba za wilaya yake. Anabisha hodi, anaketi, anauliza mmeamkaje, nani anaumwa, nani hasemi na nani, anaomba nao, kisha anamkabidhi kila mshirika kadi ndogo yenye jina lake. Siku hizi hakuna anayeikagua kadi mlangoni. Mtu anaweza kuingia bila hiyo, akala mkate, akanywa kikombe na akarudi kwake salama. Lakini Rula mwenyewe alipokuwa mzee wa kanisa alimwambia bwana mmoja mbele za watu kwamba asiye na kadi asinyooshe mkono, na hawezi leo kujilegezea sheria aliyomkazia mwenzake.

Na kwake hakuna aliyebisha hodi kwa miaka mitatu. Meza huandaliwa mara tatu kwa mwaka. Mara tisa sinia limemfikia, na mara tisa amelipokea kwa mikono miwili na kumpa aliyeketi pembeni yake. Kanisa lina watu elfu mbili, nani angeona? Kwenda ofisini kuuliza hakutaka. Mtu uliyemwomba aje kukuona hajaja kukuona, alijiambia, ameitikia wito tu. Mkewe alifariki miaka minne iliyopita, binti yake yuko mbali na hupiga simu Jumapili jioni, dakika kumi. Tangu Jumatatu Rula alikuwa akishinda ndani, akizima redio kila aliposikia hatua nje. Leo, siku ya mwisho, ukimya wa nyumba ulimshinda. Akafunga mlango akaja kijiweni, maana mzee yeyote wa kanisa anayekwenda popote lazima apite mbele ya lile benchi. Alikuwa mpweke, na alijua kwamba ni mpweke, ila hilo neno hakuwahi kulitoa mdomoni.

– Hawa jamaa wanajenga mpaka lini? – aliuliza Breki, akipuliza kahawa. – Mwaka juzi ghorofa, mwaka huu ghorofa. Watafika mbinguni kabla hawajaitwa.

– Watu wamejaa, – alisema Mama Buli. – Ibada nne kila Jumapili, na ile ya tatu wanasimama hadi kwenye ngazi.

– Kujaa tunaona, – alisema Hakimu, akiinua kidole kama alivyowaona wakubwa wakiinua. – Suala lililo mbele yetu ni wamejaaje. Miaka hamsini nyuma hapa palikuwa na nini? Nyasi. Leo hata pa kuegesha baiskeli hupati. Nataka ushahidi.

– Ushahidi ninao mimi, – alisema Breki. – Ni rejeta.

– Nini?

– Rejeta. Ya gari. Zamani mlima ule pale chini hakuna lori lililoupanda bila kuchemsha. Ukifika hapa juu injini inatoa moshi kama jiko la Mama Buli. Unaegesha, unazima, unasubiri ipoe. Saa nzima! Utafanya nini saa nzima? Unasikia watu wanaimba, unasogea. Safari ya pili unaingia, unakaa nyuma. Safari ya tatu unamwona dada wa kwaya. Ndoa ngapi zimefungwa mle ndani kwa sababu ya rejeta?

– Taja moja, – alisema Wembe.

– Yangu.

– Wewe mkeo si alikukimbia?

– Alinikimbia baadaye. Kufungwa, ilifungwa.

Mama Buli alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye majivu. Rula alitabasamu upande mmoja wa mdomo, macho yakiwa barabarani.

– Tulianza nyumba kumi na moja, – alisema taratibu. – Kwenye chumba cha fundi cherehani. Cherehani yenyewe tuliifunika kitambaa cheupe, ndiyo ikawa meza.

– Kumi na mbili, – alisema Hakimu. – Kitu kama hicho huanza na kumi na mbili.

– Kumi na moja. Nilikuwepo.

– Rula bwana! Kila kitu ulikuwepo. Hata reli ilipojengwa ulikuwepo.

Wakacheka, na Rula akaacha. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Watu hawa walijua kwamba anasali pale ng'ambo, na pengine waliwahi kusikia kwamba zamani alikuwa na cheo, lakini tangu ajiunge na benchi, miaka tisa sasa, hakuna aliyemwambia: hebu tusimulie. Naye si mtu wa kujimwaga bila kuombwa. Mchungaji wa enzi za zile nyumba kumi na moja alikuja mara moja kwa mwezi, akitokea mbali kwa pikipiki, na akamwachia Rula, kijana wa miaka ishirini na saba, kazi yote ya mzee wa kanisa, kwa kuwa fundi cherehani hakujua kusoma na wengine walikuwa waoga. Alipigilia mabenchi sita ya kwanza. Aliteka maji, alifukuza mbuzi, alizika. Kisa chote kilikuwa kimemkaa kifuani, kizima, hakijaguswa.

– Breki umetoa hoja ya gereji, – alisema Hakimu. – Sasa sikilizeni hoja ya kisheria. Wapresbiteri hawafanyi kitu bila kikao. Umenisikia? Hata kubadilisha balbu ni kikao. Sasa wewe umekuja na shida yako ndogo, unataka kuazima viti vya msiba. Unaambiwa subiri, inakwenda kwenye kamati. Kamati inakaa, inapeleka kwenye baraza la wazee. Baraza linasema mbona hakuna kumbukumbu za kikao kilichopita, irudi kwenye kamati. Wakati huo wewe unakuja kila Jumapili kufuatilia. Mwaka unapita. Siku jibu linatoka, umeshabatizwa, mkeo yuko kwaya, na wewe mwenyewe ni katibu wa kamati ya viti. Mtu mwenye kamati hahami!

– Na viti alipewa? – aliuliza Mama Buli.

– Marehemu alizikwa zamani, mama. Viti vya nini tena?

Wembe, aliyekuwa akijisafishia mashine ya kunyolea, aliiweka chini. Yeye hasali popote na husema hivyo mwenyewe, lakini kwa habari za kanisa lile hana mpinzani, maana ukuta wao anautazama siku saba kwa wiki.

– Ninyi nyote mnabahatisha, – alisema. – Kanisa lile halikuongezeka watu kwanza. Lilianza kuongezeka lenyewe. Ule uzio nimeupima kwa hatua. Nilipofungua kinyozi, kutoka mlango wangu hadi kwenye uzio ni hatua arobaini na mbili. Mwaka uliofuata, arobaini. Jana, thelathini na tano. Nyumba yangu haijasogea. Barabara haijasogea. Niambie nani amesogea.

– Hatua zako zimerefuka, – alisema Breki.

– Kwa umri huu? Hatua za mtu hufupika! Nasema ardhi ile inakua, na watu wanaingizwa ili isikae tupu.

– Uzio ulisogezwa mara tatu, – alisema Rula. – Ya kwanza kwa ajili ya choo, ya pili shule ya Jumapili, ya...

Kutoka upande wa kanisa alikuwa anakuja bwana mmoja wa makamo, suti ya kijivu, tai, na mkononi bahasha kubwa ya kahawia iliyotuna. Kadi. Mzee mpya wa kanisa, wa wale waliochaguliwa majuzi. Rula aliweka kikombe chini, akajinyoosha shati tumboni, akaketi wima. Akaona haya, kama bwana harusi. Yule mtu alivuka barabara, akaja moja kwa moja hadi mbele ya benchi, akasimama.

– Shikamooni wazee wangu.

– Marahaba, – waliitika, na sauti ya Rula ilitangulia.

– Samahani kuwakatiza. Natafuta nyumba ya mama mmoja muuza mkaa, mwembamba, ana wajukuu mapacha. Nimeambiwa ni mitaa hii.

Benchi zima liliongea kwa mkupuo. Breki alisema ashuke mpaka kwenye bomba, Wembe akasema ukifika bombani usiende mbele, pinda, Hakimu akaongeza kwamba mlango ni wa bati bluu na mbwa hana meno, na Mama Buli akamwambia apitie nyuma maana mbele kuna matope. Yule mzee mpya alishukuru, akamtazama Rula kwa adabu kama unavyomtazama mzee yeyote, akaenda zake na bahasha yake. Rula aliokota kikombe. Kahawa ilikuwa bado ya moto lakini yeye hakuisikia.

– Umetoka jasho, Rula, – alisema Wembe. – Jua hili.

– Jua, ndiyo.

Hakimu hakutaka hoja yake ipoe. Sasa akasema hata hao washirika elfu mbili wanaotajwa ni hesabu ya kupikwa.

– Nimechunguza. Mama yule yule asubuhi yuko umoja wa wanawake, saa nne yuko kwaya, saa sita yuko shule ya Jumapili na watoto, jioni yuko kwenye kamati ya chakula. Mtu mmoja, wanamhesabu mara nne! Wanatokea mlango wa nyuma wanaingilia wa mbele, wanazunguka mle ndani kama maji ya chemchemi. Ukiwasimamisha wote kwa wakati mmoja ukasema kila mtu ashike pua yake, hutapata pua mia sita.

– Wazungukie bure kwa nini? – aliuliza Breki. – Mimi nasema ni vile vipaza sauti. Ukiviangalia vimeelekea wapi? Barabarani. Kile kinanda cha umeme kina noti moja ukiisikia goti linajikunja lenyewe. Lori langu mara mbili limepunguza mwendo hapa mimi sijagusa breki.

– Kwa hiyo sasa hata lori liliokoka, – alisema Wembe.

– Lori lile lilikuwa na utu kuliko wewe!

Mama Buli alikuwa akimimina, na alizungumza bila kuinua macho.

– Mimi sina maneno mengi. Nadhani ni kwa sababu wanatembelea watu. Nilipofiwa na mume wangu, mzee wao mmoja alikuja kwangu mara tatu. Mimi si mshirika wao, sijawahi kuwa. Alikuja, akakaa, mara nyingine hakusema hata neno, akanywa maji akaondoka. Ndugu zangu mwenyewe walikuja mara moja. Sasa mtu akikufanyia hivyo utamsahau?

Rula alikohoa. Alitamani aseme kwamba hicho ndicho alichowafundisha vijana wa kwanza, kwamba mzee wa kanisa asiyejua rangi ya milango ya watu wake ni tai tu inayotembea. Akatamani pia aseme lile jingine, la mlango wake mwenyewe. Badala yake akamwambia Mama Buli kwamba leo kahawa imekolea.

Saa nane nyundo zilinyamaza, mafundi wakaenda kula. Ndipo binti mmoja akavuka barabara, faili kifuani, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Wote walimfahamu kwa sura: karani mpya wa kanisa, hajamaliza hata miezi mitano. Alisalimu, wakamsogezea nafasi, akakataa kuketi.

– Nimetumwa na kamati ya historia, – alisema.

Hakimu alimkonyeza Breki kwa neno kamati.

– Tunaandika kijitabu cha miaka hamsini. Wote walionielekeza wameniambia, ukitaka habari za zamani nenda benchi la kinyozi, wale wanajua kila kitu.

– Hawakukosea, – alisema Wembe, na kifua kikamtoka.

– Nimekwama mahali padogo tu. – Akafungua faili. – Kumbukumbu ya siku ya kwanza kabisa inasema nyumba kumi na moja zilikutana katika chumba cha fundi cherehani. Kumi na moja, imeandikwa kwa maneno. Lakini orodha ya kwanza ya kutembelewa, ya wiki ile ile, ina nyumba kumi. Nimehesabu mpaka macho yameuma. Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya nani?

– Jasusi, – alisema Hakimu papo hapo. – Serikali ya wakati ule ilituma mtu kila mahali. Akaona hawana hatari, akaacha kuja.

– Ni dereva, – alisema Breki. – Alikuwepo siku ile, rejeta ikapoa, akaondoka.

– Ninyi hamna imani, – alisema Wembe asiyesali. – Ya kumi na moja ni ya Yesu mwenyewe. Ndiyo maana haikuandikwa. Nani atampelekea Yesu kadi?

Binti alicheka kwa adabu, na kalamu ikabaki kwenye nywele. Rula alinyoosha mkono.

– Hebu nione hiyo karatasi, mjukuu wangu.

Ilikuwa nakala kivuli ya karatasi ya zamani, lakini mwandiko aliutambua kabla haujafika mkononi: penseli nene ya seremala, mistari iliyopigwa kwa rula, namba zimepangwa wima bila moja kutoka nje. Aliandika orodha ile mchana, juu ya meza yake ya kazi, akiwa amepangusa maranda kwa kiganja. Mkewe alikuwa ameketi kwenye gogo akimtajia majina, maana yeye ndiye aliyejua wake za watu na watoto wao. Walipofika kumi, mkewe alisema: na sisi je? Rula alicheka. Sisi vipi, alimjibu, mzee ni mimi, nijibishie hodi mwenyewe? Mkewe naye akacheka, akasema basi, akainuka kwenda kutazama chungu.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Miaka thelathini na tisa alizileta kadi zao mbili mfukoni mwa koti. Alipostaafu ili amuuguze mkewe, kazi ilichukuliwa na mtoto wa kwanza wa fundi cherehani, aliyeifahamu nyumba ya Rula tangu anatambaa na hakuhitaji kutazama karatasi yoyote ili afike. Alifika miaka minane, kadi mbili, kisha kadi moja. Miaka mitatu iliyopita mtoto huyo wa fundi alihamia kwa binti yake mji mwingine. Waliomfuata walikuwa wageni, nao walikwenda kwa orodha.

– Ni yangu, – alisema Rula.

Karani alimgeukia.

– Nini yako, babu?

– Nyumba ya kumi na moja. Hii orodha niliiandika mimi. Sikujiandika kwa sababu mzee hajitembelei.

Karani alimtazama, kisha akatazama karatasi, kisha akaanza kupekua faili haraka haraka.

– Ngoja. Hii ndiyo iliyogawanywa kuwa wilaya mbili. Walinakili. Halafu nne, wakanakili. Halafu tisa. Sasa ziko ishirini na moja, na zote zimetoka hapa, mimi mwenyewe mwezi uliopita nimeziingiza kwenye kompyuta moja moja. Wazee wengine wote waliandikwa kwanza kama washirika, ndipo wakachaguliwa. – Akainua uso. – Babu, kwa hiyo wewe hukuwahi kuwa kwenye wilaya yoyote?

– Inaelekea.

– Na kadi yako ya kesho?

– Sina.

– Tangu lini?

– Mara tisa zimepita.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja urefu wa ubao, na kumrudishia karani karatasi. Miaka mitatu alikuwa akitunga maneno ya kumwambia huyo aliyemsahau siku atakapomjua ni nani. Usiku na mchana ameyapiga randa yakawa laini na makali. Alimshuku huyu, akamnunia yule, akampa kisogo hata mchungaji mmoja mlangoni bila sababu. Sasa alikuwa amemjua mtu wake, na hapakuwa na wa kumwambia lolote. Hasira ilimtoka yote, ikamwachia majonzi matupu, mapana kuliko alivyodhani yangekuwa. Alimkumbuka mkewe akisema na sisi je.

– Mungu wangu, – alisema Mama Buli chinichini. – Na hukusema.

– Ningesema nini?

Breki hata mguu wake ulikuwa umetulia.

Karani alichomoa kalamu. Alikuwa mdogo, lakini hakuwa mtu wa kusimama akishangaa.

– Babu, samahani kwa niaba ya wote. Sitaki jambo hili liende kwenye kamati. Mzee wa wilaya ya kumi na tisa, ya mitaa hii, bado yuko mzungukoni, nikimpigia sasa hivi atafika leo leo. Kadi nitaiandika mimi. Nimwelekeze aje wapi?

Rula aliitaka sana sauti yake, isije. Akainamisha kichwa na kujifanya anatafuta miwani mfukoni. Karani alidhani amechoka. Akawageukia wenzake, maana wao ndio wanaoketi naye kila siku.

– Jamani, kwa babu ni wapi?

– Kwa Rula? – alisema Wembe. – Kwa Rula ni... si huku nyuma? Huwa anatokea huku.

– Tunaagana pale kwenye nguzo ya umeme, – alisema Breki. – Yeye anashika kulia.

– Kushoto, – alisema Hakimu.

– Sawa, kushoto. Halafu? – aliuliza karani. – Nyumba ipi? Mlango wa rangi gani?

Wembe alikuwa amemnyoa miaka tisa, alijua kovu lililo nyuma ya sikio lake na upande ambao nywele zimeanza kukataa. Mama Buli alijua kwamba hatumii sukari. Breki alijua ni goti gani linamsumbua mvua ikikaribia, na Hakimu alijua kila alichowahi kubisha. Walitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake.

Sauti ya Rula ilikwisha kurudi. Ni maneno machache tu: kulia, nyumba ya nne, mlango wa kijani. Angeweza kuyasema akamaliza. Lakini aliuma meno akanyamaza, kwa sababu alitaka kumsikia mmoja wao akisema, hata akikosea, hata akitaja mlango wa jirani. Alisubiri. Breki alitazama viatu vyake. Mama Buli alipangusa kikombe kilichokwisha kukauka. Ng'ambo mafundi walirudi kutoka kula, nyundo zikaanza upya, na karani bado alikuwa ameinua kalamu juu ya karatasi.

– Njoo, mjukuu wangu, – alisema Rula mwishowe, akashika goti, akainuka. – Nitakuonyesha mwenyewe.

Akatangulia, na binti akafuata na faili lake. Watu wote wa benchini waligeuka kumtazama, waone anapindia wapi.